Nafasi Tupu ya 1914 C

Kwenye ukuta wa chumba cha fundi saa Ananie Kahongya, katika mtaa wa Kimemi mjini Butembo, mashariki mwa Kongo, kuna kibao cheupe chenye mistari mitatu ya rangi nyeusi: USIOSHE. USIPANGUSE. USIGUSE USO. Wateja wanaoleta saa zilizosimama hudhani maneno hayo yanahusu saa, na wengine huanza kuomba radhi kabla ya kuketi. Zacharie, anayeuza chaja na vifuniko vya simu upande wa pili wa ukuta wa mbao, huwatoa wasiwasi bila kuombwa.

"Ile hapana ya saa," husema kwa sauti ya kupita mbao. "Ni sheria ya bibi yake wa pili. Ule wa feza."

Mke wa kwanza wa Ananie alifariki mwaka 2016. Huyo wa pili ni mwanamke aliyechorwa kwenye sarafu ya Kifaransa ya faranga mbili. Anatembea shambani, mfuko wa mbegu ubavuni, mkono wa kuume umenyooshwa unarusha, na nyuma yake jua linachomoza. Wafaransa humwita Semeuse, yaani mpanzi. Sarafu zake za fedha zilipigwa kuanzia mwaka 1898 hadi 1920. Ananie hukusanya hizo za faranga mbili peke yake, na kati ya hizo hutaka zile tu ambazo mikono ya watu haikuzichosha.

Anazo katika sanduku la mbao ya mvule alilolichonga mwenyewe, lenye vishimo vya duara, kimoja kwa kila mwaka sarafu hiyo ilipopigwa na kwa kila alama ya ziada. Chini ya kila kishimo kuna karatasi ndogo yenye mwaka, daraja, jina la aliyeileta na siku ilipofika. Kwa miaka mingi vishimo vyote vilikuwa vimejaa isipokuwa kimoja. Karatasi yake iliandikwa "1914 C", na mbele ya hayo hapakuwa na kitu.

Alianza mwaka 1981, akiwa na umri wa miaka ishirini na miwili. Mnunuzi mmoja wa kahawa aliyekuwa akifunga ghala lake na kurudi kwao alimwita atengeneze saa ya ukutani. Saa ilipoanza kupiga, mtu yule alisema hana pesa ndogo. Alimpa bahasha yenye sarafu moja ya Semeuse, pamoja na kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada, kinachoeleza sarafu na madaraja yake. Ananie alikisoma jioni mbili. Sarafu aliiangalia kwa lupu, kile kioo kidogo ambacho mafundi saa hubana jichoni, na hadi leo hukumbuka alichokiona. Alipoiinamisha, mwanga ulizunguka juu ya uso wake kama mshale wa sekunde.

"Saa yote niliyokuwa natengeneza ilikuwa imechoka," anasema. "Ile haikuwa imechoka. Ilikuwa na miaka makumi munane, haijachoka."

Madaraja yenyewe huwachekesha watu wa Kimemi. Kuna TB, kifupi cha maneno ya Kifaransa yenye maana ya "nzuri sana", na sarafu yenye daraja hilo imelika kiasi kwamba mpanzi hana tena vidole. Juu yake kuna TTB, kisha SUP, kisha SPL. Juu kabisa ni FDC, sarafu iliyobaki kama ilivyotoka kwenye chapa siku ya kwanza. "Kwa Bafaransa," Zacharie huwaambia wateja wake, "muzuri sana ni muzee asiye na meno." Kwa Ananie si utani. Chini ya SUP hapokei kitu, na hajawahi kuandika daraja lisilostahili, hata pale sarafu ilipokuwa yake mwenyewe na hakuna mwingine ambaye angeisoma karatasi ile.

Nyingi zilifika kwa mikono ya wafanyabiashara wa Butembo ambao safari zao za bidhaa huwapitisha Bruxelles. Huwapa barua fupi, na kila barua humalizika kwa maneno matatu yale yale ya ukutani. Sababu huieleza kwa subira. Fedha ikikaa muda mrefu hujifunika utando wa kijivu, wakati mwingine wenye buluu pembeni. Mtu wa kawaida huuona utando huo kuwa uchafu, akausugua. Utando unaondoka, na pamoja nao unaondoka ule mng'ao wa siku ya kwanza, ambao hakuna fundi duniani awezaye kuurudisha. Inayobaki inameremeta kama kijiko. Kwa mkusanyaji, sarafu hiyo imekufa.

Ile yenye herufi C ilikuwa ngumu. Mwaka 1914, vita vilipokaribia Paris, sehemu ya kazi ya kupiga sarafu ilihamishiwa mji mdogo wa kusini uitwao Castelsarrasin, na zilizotoka huko ziliwekwa herufi ndogo ya C. Zilikuwa chache. Ananie aliwahi kuletewa mbili, zote za TB, akazirudisha. Mwaka jana daktari alimwambia jicho la kushoto limefunikwa na mtoto wa jicho, na la kulia limeanza. Tangu siku hiyo aliacha kusema "siku moja nitaipata". Alitaka kukijaza kishimo hicho wakati jicho lake lenyewe bado linaweza kutoa hukumu.

Mwezi wa saba, siku ya soko, Zacharie alikuwa Musienene, kituo kidogo kusini mwa Butembo, na meza yake ya chaja, akichekesha watu kwa habari za jirani yake aliyeoa sarafu. Mwanamke mmoja alisikiliza hadi mwisho, akaondoka. Siku ya soko iliyofuata, Alhamisi, alirudi na kopo dogo la bati. Ndani yake mlikuwa na bahasha ya karatasi ya zamani, na ndani ya bahasha sarafu. Alitaka kujua kama ni ya aina ile. Zacharie hakucheka. Alipiga picha mbili, akazituma Kimemi.

Ananie alimwita binti yake Débora, mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa nyumbani kwa likizo, aipanue picha kwenye simu. Waliiangalia kwa muda mrefu. Utando ulikuwa wa kijivu cha moshi, ukigeuka buluu kwenye ukingo. Mikunjo ya gauni la mpanzi ilisimama yote. Goti, sehemu inayolika kwanza, lilikuwa zima. Karibu na mwaka palikuwa na C.

"SPL," Ananie alisema. "Pengine zaidi. Picha haitoshi kusema."

Aliandika ujumbe mwenyewe, kidole kimoja, herufi moja moja: "Kama iko vile picha inaonyesha nitalipa dola 180. Alete jumatatu. Isipotee." Zacharie alimsomea mwanamke yule palepale sokoni. Mwanamke aliomba asomewe tena, kisha akafunga kopo.

Jina lake ni Kavira Victoire. Alizaliwa upande wa Mutwanga, chini ya mlima Ruwenzori, ambako baba yake, Lusenge, alilima kakao. Ujanani Lusenge alikuwa mpishi wa mzungu mmoja wa kahawa, na siku mzungu huyo alipoondoka alimpa sarafu ile ndani ya bahasha. Ilifikaje kwa mzungu, hakuna anayejua. Lusenge hakuitumia, kwa sababu hapakuwa na duka la kuipokea, na hakuionyesha sana, kwa sababu majirani walikuwa na maswali. Miaka mitatu iliyopita, familia ilipokimbia vita, aliacha kakao juu ya turubai ikikauka. Alichukua Biblia, redio na kopo. Walifika Beni kwa miguu. Huko Lusenge aliugua, akafa, akazikwa. Kavira na watoto wake watatu waliendelea hadi Musienene kwa shangazi yake, na tangu hapo analima viazi vya watu wengine kwa kibarua cha siku.

Alichokitaka kinaelezwa kwa sentensi moja. Kulikuwa na shamba la kukodi juu ya barabara, la kutosha maharagi, dola tisini kwa mwaka, na mwenye shamba alitaka pesa kabla ya mwezi wa nane kwisha. Mvua ya kupanda ingefuata.

Kati ya Alhamisi na Jumatatu Ananie alitengeneza saa nne. Aliandaa bahasha mpya, akaandika juu yake "2 F 1914 C", akaacha nafasi ya daraja. Kutoka kwenye kabati alitoa pesa alizokuwa ameziweka kando kwa miaka kwa ajili ya sarafu hiyo peke yake. Jumapili aliketi kanisani, na Débora anasema hakumbuki baba yake kuimba wimbo hata mmoja. Katika siku hizo nne hakutuma ujumbe mwingine.

Jumamosi, huko Musienene, familia ya Lusenge ilimaliza mwaka wa maombolezo.

Kavira alifika Kimemi saa nne asubuhi kwa pikipiki, matope hadi magotini. Kila anayeketi mbele ya meza ile hunawa kwanza, kwa hiyo Débora alimletea beseni na sabuni. Ananie alikuwa amesimama dirishani, akifuta lupu.

"Jambo papa."

"Jambo mama. Karibu, ikaa. Njia ilikuwa muzuri?"

"Ilikuwa ya matope, mais tumefika. Ni Mungu."

Alinawa, akapangusa mikono, akainua macho. Débora, aliyekuwa ameshika beseni, alimwona akisoma ukuta. Alisoma polepole, mstari kwa mstari, kisha akarudi juu na kusoma tena. Mkono wake ukafumba kitu alichokuja nacho ndani ya kitambaa.

"Papa," alisema, "haya maneno ya kwa ukuta ni ya nani?"

"Ni ya kila mutu mwenye kuleta feza."

"Hata mimi?"

"Hata weye. Juu ya nini?"

Kavira alikiweka kitambaa juu ya meza, akakifungua pembe moja moja. Sarafu ilikuwa nyeupe. Ilimeremeta kiasi kwamba doa la mwanga lilionekana darini.

Ananie aliketi, akabana lupu kwenye jicho la kulia, akaishika sarafu kwa ukingo. Aliiinamisha upande huu na upande ule akitafuta ule mwanga unaozunguka. Haukuzunguka. Badala yake mikwaruzo myembamba ilipita juu ya gauni, juu ya jua, juu ya mkono unaorusha, kwa maelfu, kila upande. Aliigeuza. C ilikuwepo, imezingirwa na mikwaruzo. Débora anakadiria kwamba aliiangalia dakika kumi, na kwa dakika hizo zote Kavira aliangalia uso wake, si sarafu.

"Mulitumia nini?" aliuliza hatimaye.

"Majivu na ndimu." Kavira alizungumza kwa sauti ya chini lakini bila kusita. "Jumamosi tulimaliza kilio ya tata, baba yangu. Tulitandika mukeka, tukaweka vitu vyake vyote: panga, redio, kikombe, na hii. Kwetu kitu ya mufu haigawanywi na vumbi yake. Batoto wake banakiosha, kisha kinapewa mutu. Mi ni mutoto mukubwa, ndio nilipewa kuosha hii. Nilisugua mpaka nikaona macho yangu ndani. Nilisema, nikuletee kitu safi. Hauwezi kuja kwa mutu na kitu ya uchafu."

"Na bahasha?"

"Karatasi? Ilikuwa na madoa. Ilienda mu moto."

Ananie alitoa lupu, akaiweka mezani. Pete nyekundu ilibaki kuzunguka jicho lake.

"Nimeharibu, papa?"

Débora anasema aliomba moyoni baba yake apate neno laini. Hakulipata, au hakulitafuta.

"Ndiyo," alisema. "Imeharibika. Hii haina daraja tena. Hata TB siwezi kuandika, juu TB ni sarafu yenye kuchoka, na hii haikuchoka."

Kavira aliinamisha kichwa.

"Mais kosa si yako," Ananie aliendelea. "Toka nianze kutafuta, ile maneno tatu nimeiandika kwa kila mutu, hata kwa batu ya Bruxelles. Kwako sikuandika. Nilikuwa na haraka. Niliandika bei, nikaandika isipotee. Haikupotea. Ulifanya vile nilisema." Alivuta droo, akatoa pesa. "Mia moja na makumi munane."

Kavira hakunyoosha mkono.

"Hapana, papa. Uliandika kama iko vile picha inaonyesha. Haiko vile picha inaonyesha. Zacharie alinisomea mara mbili."

"Neno kwa neno," sauti ya Zacharie ilipita kwenye mbao. "Mi si mutu wa kuongeza."

"Zacharie, uzisha chaja zako."

"Naziuzisha. Masikio ndio haina kazi."

"Feza yenyewe," Kavira aliuliza, "ukiipima tu kwa uzito, ni ngapi?"

"Dola saba, munane. Haipiti pale sana."

"Basi nipe munane."

"Mia moja na makumi munane."

"Kumi, papa. Nimepandisha."

"Mia moja na makumi tano."

"Kumi na mbili."

"Kimemi nzima ikuje iangalie!" Zacharie alipaza sauti. "Muuzaji anashusha, munuzi anapandisha! Mi kesho nafunga duka, dunia imekwisha!"

Débora alicheka kidogo, akafunika mdomo. Wale wawili mezani hawakucheka.

"Sikuje kuomba, papa," Kavira alisema. "Kule Beni tulipanga mustari na sahani, tukapewa. Kupewa nakujua vizuri. Leo nilitaka kuuzisha kitu, kama mutu."

"Na mimi sitoi zawadi. Nalipa kosa yangu."

"Kosa yako ni kusahau. Ya kwangu ni kusugua. Nani alisugua sana?"

Kwa mtu anayelipwa kwa kupima vitu vidogo, swali lilikuwa la haki, na Ananie alichukua muda kulipima.

"Unataka ngapi?" aliuliza.

"Shamba ni makumi kenda. Nipe makumi kenda. Ikipita pale, ni huruma, naifunga mu kitambaa naenda."

"Makumi kenda."

"Makumi kenda."

Ananie alizihesabu mbele yake, akaziweka mezani, na safari hii Kavira alizichukua. Zilizobaki Ananie alizirudisha kwenye droo.

Kavira hakusimama mara moja. Alivutiwa na sanduku lililokuwa wazi pembeni, akaegemea bila kugusa, mikono nyuma. Aliwaangalia wale wanawake wote wa fedha, kila mmoja na mwaka wake, kwa jicho la mtu anayeijua kazi yao.

"Anapanda nini?"

"Kitabu haisemi. Ngano, pengine."

"Na upepo unamupiga uso. Nywele yake angalia, inaenda nyuma. Mbegu itamurudilia mu macho." Alitikisa kichwa. "Kwetu tungemuambia angoje kidogo."

"Bamesha kumuambia hata kwao," Ananie alisema. "Hasikii."

"Na hii herufi, ndio ya bei?"

Ananie alimweleza habari ya vita vya 1914, na jinsi kazi ya sarafu ilivyopelekwa kusini, mbali na mizinga. Kavira alisikiliza kama alivyosikiliza sokoni, hadi mwisho.

"Kumbe hata benye kutengeneza feza balikimbia."

"Balikimbia."

"Kisha balirudi?"

"Kisha kazi ilirudi Paris."

"Basi vizuri," alisema. "Wasingya, tata," aliongeza kwa Kinande, yaani asante, baba, akaaga, akaenda kutafuta pikipiki.

Alipoondoka, Ananie alikaa mbele ya sarafu hadi chakula cha mchana kikapoa. Alijua la kufanya. Sarafu iliyosafishwa haiingii katika mkusanyo wa daraja la juu, na yeye mwenyewe alikuwa amezirudisha nyingi, nyingine zikiwa zimesuguliwa kwa dawa ya meno na watu waliozipenda. Mahali pake ni kwenye kopo kuukuu la mafuta ya taa chini ya meza, pamoja na vipande vya fedha vya kuunganishia minyororo ya saa. Débora alimwona akiinama, akalivuta kopo, akalifungua. Akalifunga tena.

Alichukua ile bahasha aliyoiandaa, akaipasua. Alikata karatasi mpya na kuandika kwa kalamu nyembamba anayotumia kwa namba za saa: "2 F 1914 C. Haina daraja. Imeoshwa kwa majivu na ndimu, Musienene, na Kavira Victoire, kwa ajili ya baba yake Lusenge, mwisho wa kilio." Aliongeza tarehe. Kisha aliiweka karatasi kwenye kishimo, na sarafu juu yake.

Alimtuma Débora studio ya picha mjini achapishe ile ya kwenye simu. Ilirudi na rangi zisizo sawa, buluu ikiwa imegeuka kijani. Ananie aliandika nyuma yake "Rangi si kweli", akaiweka chini ya sanduku. Huo ndio ushahidi pekee kwamba sarafu ile iliwahi kuwa SPL, na yeye mwenyewe anasema picha haitoshi kusema.

Tangu wakati huo, kila mgeni anayeonyeshwa sanduku hufanya jambo lilelile. Macho yake hupita juu ya sarafu za kijivu, zile zilizogharimu safari na miaka, na kusimama kwenye ile nyeupe. "Hii ndio muzuri kupita zote," husema. Ananie humjibu kila mmoja kwa maneno yaleyale, bila hasira. "Hii ndio haina daraja. Soma karatasi." Wengine husoma, wakauliza Kavira ni nani. Wengine hucheka. Mfanyabiashara mmoja aliyetoka Bruxelles, mtu anayejua sarafu, alisoma mara mbili, akamwangalia fundi, akauliza kama macho yake yanaendelea vizuri. Alimwambia anaweza kumtafutia nyingine ya C, safi ya utando wake, mwaka huu au ujao. Ananie alimshukuru, akampa barua ya kutafuta mkanda wa saa.

Mwezi wa kwanza, mvua ilipopungua, Kavira alirudi Kimemi. Alikuwa amebeba mfuko mdogo wa maharagi, yale ya mchanganyiko wa rangi yanayopendwa Musienene. Alinawa kabla ya kuambiwa. Zacharie alimsalimu kupitia mbao.

"Mama wa kushusha bei! Umekuja kuuzisha ama kutoa?"

"Nimekuja kutembea. Weye bado unauzisha chaja ya kufa?"

"Inakufa kwako, kwangu ilikuwa nzima!"

Kavira aliweka mfuko mezani. Ananie aliufungua, akachukua punje moja kwa ncha za vidole, kwa ukingo, kama alivyozoea, akaisogeza karibu na jicho la kulia. Siku hizi lazima aisogeze karibu sana.

"Umeiosha?" aliuliza.

Kavira alimwangalia kuona kama anatania. Hakuweza kujua.

"Maharagi haioshwi, papa, mpaka siku ya kupika. Ukiiosha mbele inaoza."

"Vizuri," Ananie alisema, akairudisha punje mahali pake.

Kavira aliomba kuiona ile ya baba yake. Ananie alimsogezea sanduku. Aliipata mara moja, kama wageni wote, kisha akasoma karatasi, midomo ikisogea. Kwenye jina la Lusenge alisimama.

"Tata aliificha miaka makumi sita," Kavira alisema. "Hata siku moja hakuandikwa pahali." Alipangusa jicho kwa mgongo wa mkono, mbali na sanduku, kwa uangalifu wa mtu aliyekwisha kuijua sheria ya pale. "Mais kuandika jina yangu kwa kosa, papa! Batu batasema nini?"

"Chini ya kila moja naandika imetoka kwa nani, na imepitia nini. Chini ya hii niliandika vile ilivyo."

"Na ingine ya C, ile ya muzuri, bado uko natafuta?"

Ananie alivuta sanduku upande wake. Alipitisha kidole juu ya vishimo, bila kugusa, kutoka 1898 hadi mwisho, kama anayehesabu kitu ambacho macho yameanza kumnyima.

"Hapana, mama," alisema. "Pale pameshajaa."

Akafunga kifuniko.